Siku ya Kulipa Haingoji Mtu



Katika jeshi na katika polisi hakuna asiyejua thamani ya saa. Askari aliyepangiwa zamu saa kumi na mbili asubuhi hafiki saa mbili akaeleza kwamba nia yake ilikuwa njema. Zamu ni zamu. Hata hivyo, askari huyo huyo aweza kupitwa na tarehe moja ndogo iliyoandikwa chini ya karatasi ya benki, na tarehe hiyo ikamfuata kwa miaka. Mazungumzo ya leo yanahusu tarehe hiyo.

Tangu zamani mkazi wa Kigali amekopa sukari na sabuni katika duka la mtaani kwake. Mwenye duka huandika katika daftari, na mshahara ukitoka, deni hufutwa. Mteja akichelewa, wanaojua ni wawili tu: mdai na mdaiwa. Aweza kwenda, akaomba radhi, akaongezewa wiki.

Kadi ya kununulia kwa deni nayo ni daftari, lakini ni daftari la namna nyingine. Aina moja ya kadi hizo humtaka mwenye nayo alipe deni lote kila mwezi, bila kubakiza. Ndiyo aina iliyoanzishwa na Diners Club mjini New York mwaka 1950. Aina ya pili humruhusu kulipa sehemu tu, na sehemu iliyobaki ikatozwa riba. Kadi hizi mbili zisichanganywe na ile ya kawaida ya kutolea fedha, ambayo hutoa fedha za mwenyewe zilizokwisha kuwekwa. Anayepewa kadi mpya hana budi kuuliza kwanza ni ya aina gani, maana anayedhani aweza kulipa nusu, ilhali mkataba unataka yote, amekwisha kuanguka kabla hajaanza safari.

Baada ya hapo yafaa zifahamike tarehe mbili. Ya kwanza ni siku ya kufunga hesabu, yaani siku ambayo benki hujumlisha manunuzi ya mwezi na kuandika ankara. Ya pili ni siku ya mwisho ya kulipa ankara hiyo. Mathalani, hesabu ikifungwa tarehe 25 Machi, siku ya mwisho ya kulipa yaweza kuwa tarehe 15 Aprili. Kitu kilichonunuliwa tarehe 24 Machi kitaingia katika ankara hiyo, na mnunuzi atakuwa na siku 22 za kukilipia. Kilichonunuliwa tarehe 26 kitangoja ankara ya mwezi unaofuata, nacho kitalipwa hadi tarehe 15 Mei, yaani baada ya siku 50. Siku mbili za tofauti dukani zimezaa wiki nne za tofauti katika malipo. Mwenye kuzijua tarehe hizi huitawala kadi, na asiyezijua hutawaliwa nayo.

Ifahamike pia kwamba siku ya mwisho ni siku ya fedha kufika, wala si siku ya kuzituma. Fedha zinazotoka benki moja kwenda nyingine zaweza kukawia njiani, hasa mwisho wa wiki. Mwenye busara hutuma siku kadhaa mapema.

Je, akichelewa? Kwanza hutozwa faini, na kadi yaweza kufungwa. Lakini faini ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kumbukumbu. Mwaka 2010 Rwanda ilitunga sheria ya taarifa za mikopo, na mwaka huo huo ofisi ya kukusanya taarifa hizo ilianza kazi chini ya uangalizi wa Benki Kuu ya nchi. Sheria nyingine ilitungwa mwaka 2018 badala ya ile ya kwanza. Kwa mpango huo, mabenki hupeleka habari za kila mkopaji: amekopa kiasi gani, amelipa kwa wakati, au amechelewa siku ngapi. Deni likipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa deni baya. Hivyo daftari la mwenye duka sasa husomwa na kila benki nchini.

Hapa ndipo askari anapopaswa kuwa macho kuliko raia wengine. Tangu mwaka 1997 askari wa Rwanda wamekuwa na chama chao cha akiba na mikopo, Zigama, jina ambalo kwa Kinyarwanda maana yake ni kuweka akiba. Askari aliyezoea mkopo unaokatwa katika mshahara hujua kwamba deni hilo hujilipa lenyewe, hata akiwa lindoni usiku wa manane. Mazoea hayo ni mema, lakini yana hatari yake. Kadi ya benki nyingine haikati mshahara wa mtu isipokuwa ameiagiza. Hungoja mwenyewe alipe.

Sasa fikirini askari anayepokea amri ya kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati, au Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako majeshi ya Rwanda yalipelekwa Julai 2021. Anaaga nyumbani, anafunga mzigo, na ankara ya faranga elfu chache inabaki. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili na wa tatu. Anaporudi na sifa ya kazi njema, anaomba mkopo wa kujenga nyumba, naye anaambiwa kwamba jina lake lina doa. Daftari halikuandika kwamba alikuwa kazini. Liliandika siku tu.

Wala deni dogo lisidharauliwe. Jirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili katika mikopo ya simu, hata mwezi Aprili 2020 Benki Kuu yao ikaamuru kwamba madeni yaliyo chini ya shilingi elfu moja yasipelekwe katika ofisi za taarifa za mikopo. Ni amri iliyokiri kwamba kiasi kidogo mno kilikuwa kikimfungia mtu milango mikubwa mno.

Dawa ipo, nayo si ngumu. Kabla ya safari ya kikazi, askari aiandikie benki agizo la kulipa ankara yote kila mwezi kutoka katika akaunti yake, na ahakikishe fedha zimo. Au alipe deni lote na kuifunga kadi. Mwenzi wake nyumbani aelezwe tarehe zote mbili. Akirudi, aombe kuiona taarifa yake, kwani sheria inampa haki hiyo, na akikuta kosa adai lisahihishwe. Tena akumbuke kwamba daftari hili haliandiki mabaya peke yake: anayelipa kwa wakati mwezi baada ya mwezi hujijengea jina ambalo benki yoyote italiheshimu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Siku hizi yapasa kuongeza: na kulipa kwa siku yake. Askari anayelinda mpaka wa nchi hashindwi kulinda tarehe moja ya mwezi.