Maofisa wa Manowari ya Ndege na Kazi Zao za Kila Siku

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na vijana wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya maisha ya marubani wa vita na maofisa wakaao baharini. Wengine watauliza, hayo yatuhusu nini sisi watu wa nchi kavu? Wazee wa Dar es Salaam wanaweza kuwajibu. Tarehe 25 Januari 1964, siku tano baada ya askari wa Tanganyika Rifles kuasi, manowari ya Kiingereza iitwayo HMS Centaur ilikuwa mbele ya mji, na helikopta zikatoka humo zikawashusha askari penye kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo. Serikali yetu yenyewe ndiyo iliyoomba msaada huo, na Mwalimu hakuficha aibu aliyoiona. Jambo likishakufikia mlangoni, si vibaya ukalijua.

Nitachukua manowari za Wamarekani, kwa kuwa ndizo kubwa kuliko zote na habari zake ni wazi. Zile za aina ya Nimitz, ambazo ya kwanza iliingia kazini mwaka 1975, zina urefu wa mita 333 hivi, na pamoja na watu wa ndege huchukua watu wapatao 5,000. Huo ni mji, ndugu zangu. Una hospitali, kinyozi, kanisa, na mahabusu pia.

Kijana akisikia habari za rubani wa vita huwaza miwani myeusi na mbio za angani. Ni kweli kwamba kuruka kwenyewe si mchezo. Mtambo wa mvuke huitupa ndege kama jiwe la manati, na kwa muda wa sekunde mbili hivi imekwisha pata mwendo wa kilomita 250 kwa saa. Kurudi ndiko kugumu zaidi. Ndege ina kulabu mkiani, nayo hutakiwa kunasa mojawapo ya nyaya zilizotandazwa juu ya sitaha. Rubani akigusa sitaha hapunguzi nguvu za injini. Huziongeza mpaka mwisho, maana kulabu ikikosa nyaya zote itambidi apae tena kabla sitaha haijamwishia. Haya hufanywa hata usiku wa giza, meli ikipanda na kushuka juu ya mawimbi.

Lakini hebu tuhesabu saa. Rubani akiruka saa moja na nusu, au mbili, saa nyingine zote za siku anafanya nini? Hapa ndipo nilipotaka kufika. Kila rubani ana kazi ya pili. Ofisa kijana hupewa kikundi cha mabaharia, wawe mafundi wa injini au wa umeme, naye ndiye mwenye kuulizwa juu yao. Huandika taarifa za kazi yao, na kwa taarifa hizo mtu hupanda cheo au hubaki alipo. Maombi ya likizo hupita mkononi mwake. Aliyepata habari za msiba nyumbani, aliyezama katika deni, aliyelewa bandarini akafanya fujo, wote mashauri yao huanzia kwake. Ofisa mwingine hutunga ratiba ya safari za kesho. Mwingine hushinda kutwa chumbani mwa kikosi akijibu simu na kupeleka habari huku na huku. Makaratasi hayaishi. Wale mliopata kuwa makatibu wa tawi mnanielewa.

Maofisa wa meli yenyewe huenda kwa zamu, mchana na usiku. Ofisa wa zamu ndiye aliyeshika meli nzima wakati nahodha amelala, na huyo nahodha hulala chumba kilicho karibu ili aitwe mara moja. Ndege zikitaka kuruka, meli hugeuzwa ikabili upepo. Sheria ya Marekani huagiza kwamba mkuu wa manowari ya ndege awe mtu aliyetokana na kazi ya angani. Nami naona ni sheria yenye akili, maana atawaamuru watu kazi aijuayo.

Jambo moja limenipendeza sana. Kila rubani anapotua, rubani mwenzake husimama pembeni mwa sitaha akimtazama, kisha humpa alama. Alama hiyo husomwa mbele ya wenzake na kubandikwa ukutani kwa rangi, mkuu wa kikosi na mgeni wa jana sawasawa. Ningefurahi kuuona ubao wa namna hiyo katika ofisi zetu fulani, ambazo leo sitazitaja.

Starehe ni chache. Pombe ilipigwa marufuku katika manowari za Marekani tangu 1914. Maofisa vijana hulala wengi chumba kimoja, pengine chini kabisa ya ile mitambo ya kurushia, na kishindo chake hakijali nani amelala.

Sasa, ni nani aliyeruhusiwa kuwa ofisa? Mpaka 1942 mtu mweusi aliyeandikishwa katika jeshi hilo la majini aliwekwa jikoni na mezani. Aliaminiwa kumpakulia ofisa chakula, asiaminiwe roho za watu. Jesse Brown, mtoto wa mkulima maskini wa Mississippi, alipata mabawa ya urubani mwaka 1948, Mwafrika wa Marekani wa kwanza kuhitimu mafunzo hayo ya jeshi la majini. Alikuwa katika manowari USS Leyte vita vya Korea vilipoanza. Mwenzake wa safari, Thomas Hudner, Mzungu, alimzidi cheo, lakini angani Brown ndiye aliyetangulia kwa kuwa alimzidi uzoefu.

Tarehe 4 Desemba 1950 ndege ya Brown ilipigwa ikaanguka mlimani penye theluji, naye akanaswa ndani. Hudner aliibwaga ndege yake makusudi karibu naye, akawa akizoa theluji kwa mikono kuizima injini iliyokuwa ikitoa moshi. Helikopta ilikuja na shoka, na shoka halikufaa kitu. Brown akafa pale. Hudner alipewa nishani kuu ya nchi yake mwaka 1951. Mwaka 2013, mzee wa miaka 88, alikwenda Korea ya Kaskazini kuyatafuta mabaki ya mwenzake. Mvua zikaziba njia, akarudi mikono mitupu.

Ndugu Mwenyekiti, naona mikono imekwisha inuliwa huko nyuma. Nitajibu maswali.