Kamba Hukatikia Pembamba: Viwanda Wakati wa Hali Ngumu

(Hotuba iliyosomwa kwenye sherehe ya Uhuru kwa niaba ya wanajumuiya wanaofanya kazi viwandani na kwenye maghala)



Leo tunaadhimisha tarehe 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru wake. Kaulimbiu ya wazee wetu wakati ule ilikuwa "Uhuru na Kazi". Sisi tuliopewa nafasi ya kuzungumza tunafanya kazi kwenye viwanda na maghala ya hapa Marekani, kwa hiyo tumeona tuzungumzie hiyo kazi. Kila mmoja wetu anajua kwamba saa zikipunguzwa kiwandani, mezani nako kunapungua, na simu za kutoka nyumbani zinakuwa nzito kupokea. Watoto wetu wanatuona tumekaa nyumbani siku ya kazi na hawaelewi sababu. Leo tuwaeleze.

Tuanze na khanga. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Ili doti moja ifike dukani Kariakoo, ilitakiwa pamba ya Kanda ya Ziwa, reli ya kuileta, rangi, vipuri vya mashine, umeme na mafuta ya lori. Huo ndio mnyororo wa ugavi. Kikikosekana kimoja, vingine vyote vinasubiri.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilikosekana vingi kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vilifuata mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta duniani ikapanda. Fedha za kigeni zikaadimika, na bila fedha hizo hakuna vipuri wala kemikali. Wazee wetu mliomo humu mnaikumbuka foleni ya sukari na sabuni. Pamba ilikuwapo na wafanyakazi walikuwapo, lakini mashine ilisimama kwa kukosa kipuri kidogo cha kutoka ng'ambo.

Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilitufundisha zaidi. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kupangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikupata kukaribia lengo hilo hata kidogo, na mwaka 1990 kilifungwa. Jengo na mashine vilikuwapo, ila mnyororo wa kuvilisha haukuwapo.

Sasa tuje huku. Mwaka 2007 Wamarekani walinunua magari mapya takriban milioni 16. Mwaka 2009 walinunua kama milioni 10 tu. Mnunuzi akipungua kidogo, kiwanda cha mwisho huumia sana, na sababu yake ni hii. Tuseme mwenye duka ameuza doti 10 pungufu. Kwa hofu, anapunguza oda kwa doti 20. Mwenye jumla naye anaogopa, anapunguza 40. Mpaka habari imfikie mtengeneza rangi, inaonekana kana kwamba hakuna tena anayevaa khanga. Kila mmoja ameongeza hofu yake kwa sababu hakuna aliyemwambia mwenzake ukweli mapema.

Ndiyo maana mwishoni mwa 2008, Alan Mulally, mkuu wa Ford, alikwenda Bungeni Washington kuwaombea msaada wapinzani wake, General Motors na Chrysler. Ford yenyewe ilikuwa imekopa zaidi ya dola bilioni 23 mwaka 2006, kabla ya dhiki, kwa hiyo ilikuwa na akiba. Lakini wauzaji wake wa vipuri walikuwa ndio hao hao wa General Motors na Chrysler. Wakifa wale wadogo, Ford nayo ingesimama. Machi 2009 serikali ilitenga hadi dola bilioni 5 kuwahakikishia wauzaji hao malipo yao.

Toyota nayo, katikati ya 2008, ilisimamisha kwa miezi mitatu kutengeneza magari makubwa kwenye viwanda vyake vya Texas na Indiana. Wafanyakazi wake wa kudumu hawakufukuzwa. Walilipwa, wakapelekwa darasani na kwenye marekebisho ya kiwanda. Mashine unaweza kuinunua upya, lakini fundi anayejua mlio wake ikianza kuharibika atakuchukua miaka kumpata.

Ndugu zetu, nyumba zetu nazo ni viungo vya mnyororo, kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

La kwanza, tuambiane mapema. Saa zikipunguzwa, mjulishe ndugu nyumbani mwezi huo huo, asije akamwahidi fundi wa ujenzi au mwalimu wa ada fedha ambazo hazitafika. Kunyamaza kwa aibu kunamuumiza yeye kuliko wewe.

La pili, wiki zenye kazi chache zitumike kujifunza. Ukijua mashine moja tu, mashine hiyo ikisimama na wewe umesimama. Omba ufundishwe ya pili, omba mafunzo ya forklifti, ya kusoma michoro, ya kupanga oda kwenye kompyuta. Na ninyi vijana mnaotafuta cha kusomea, ugavi na uhandisi wa viwanda ni elimu inayohitajika hapa, na nyumbani inahitajika zaidi.

La tatu, tuwashike walio wembamba. Kamba hukatikia pembamba, na kwetu pembamba ni familia iliyofika juzi, inayofanya kazi ya kibarua, ambayo hupunguzwa kwanza. Mfuko wa jumuiya uchangiwe wakati ovataimu ipo, kusudi uwe na kitu itakapokwisha.

Wazee wetu walipata uhuru wakiwa na viwanda vichache, wakavijenga, na dhiki ilipokuja wakajua kipi kilikuwa kinashikilia kipi. Tuupokee ujuzi huo kama tunavyoipokea bendera.

Tunawatakia sikukuu njema. Uhuru na Kazi!