Maji ya Maabara na Maji ya Historia



Nimeombwa niseme juu ya masomo niliyoyapenda. Nitasema juu ya asubuhi moja ya mwaka 1996, nilipokuwa Kidato cha Tatu.

Tulianza na Kemia. Tulipitisha umeme katika maji yenye matone ya asidi, tukaona haidrojeni ikijaa mara mbili ya oksijeni. Kijiti cha moto kikalia "pu!" nasi tukacheka kama watoto wa chekechea. Baada ya mapumziko tukaingia Historia: Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe anawapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Maji yale yale! Maabara ilinieleza yameundwa na nini; Historia ikaniuliza kwa nini watu waliolazimishwa kulima pamba waliyaamini. Siku nzima nilitembea na raha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Mwaka huo huo tukatakiwa kuchagua mchepuo. Nilichagua Sayansi, nikaomba niendelee na Historia. Mwalimu mmoja akanionya: mshika mbili moja humponyoka. Hakukosea sana, maana alama zangu za Fizikia zilishuka, nikakesha na kibatari kuzipandisha. Lakini Historia sikuiacha.

Leo kazi yangu serikalini ni maji ya vijijini. Miaka michache iliyopita tulichimba kisima katika kijiji kimoja cha kusini. Kina kilitosha, chumvi ilikuwa ndogo, vipimo vyote safi. Akina mama wakaendelea kwenda mtoni. Wenzangu wakasema watu hawa hawajaelimika. Mimi nikaenda kuuliza, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kuchimba. Bibi mmoja akaniambia, "Mjukuu wangu, hapo wamelala watu wa njaa."

Nilijua njaa ipi: ile iliyokuja na vita, Wajerumani walipochoma mazao na maghala. Tukachimba kingine upande wa pili wa kijiji. Siku ya kwanza tu, foleni ya ndoo ilifika barabarani.

Wadogo zangu, nasikia bado mnataniana, wa Sayansi na wa Sanaa. Tanianeni, lakini azimaneni madaftari.

Mwalimu Mkuu, kitabu cha Historia nilichoazima maktaba mwaka ule ninacho hapa. Nimechelewa kukirudisha. Naomba faini iwe ya bei ya zamani.