Mkimbiaji wa Kisiwani na Majira ya Ubaridi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana wa michezo na walimu wao katika Kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay)



Nimeombwa niseme nanyi habari ya hali ya hewa na mbio. Mkimbiaji wa ridhaa, yaani yule asiyelipwa mshahara kwa kukimbia, hupanga mashindano yake kwa muda wa miezi mitatu au minne. Huamka kabla ya jua na kukimbia, kisha huenda zake shambani, au kwenye nyavu, au afisini. Hujinyima mengi ili apate nauli. Siku yenyewe ifikapo, upepo mmoja waweza kuyapindua yote hayo. Baadhi ya watu husema kwamba hiyo ni bahati mbaya, wala hapana la kufanya. Mimi sikubaliani nao. Hali ya hewa ni sehemu ya mbio zenyewe, na mtu asiyeiweka katika shauri lake mapema bado hajamaliza kujitayarisha.

Hapa Mfangano hapana theluji. Lakini kipupwe chenu mnakijua: kuanzia Juni hata Agosti upepo wa kusi-mashariki huongeza nguvu, ziwa hufura, na motaboti ya kwenda Mbita hupiga maji mpaka abiria wote wakalowa. Isitoshe, kijana atokaye hapa kwenda kushindana Nairobi mwezi wa Julai hukuta asubuhi ya mawingu na ubaridi wa digrii 12 hivi, naye amezoea jua la ziwani. Basi ana mambo mawili ya kuyafikiri, nayo ni baridi ya huko aendako na maji ya kuvuka. Nitaanza na baridi, na kwa ajili hiyo nitawapelekeni mbali kidogo.

Tarehe 16 Aprili 2018 yalifanyika mashindano ya marathoni ya Boston, Marekani, mwendo wa maili 26 na yadi 385. Mwezi huo kwao majira ya baridi huwa yamekwisha, lakini siku ile yalirudi kana kwamba yamesahau kitu. Joto lilikuwa kama digrii 3 tu, mvua ilinyesha kwa wingi, na upepo mkali uliwapiga wakimbiaji usoni. Wengi katika mabingwa waliotazamiwa kushinda waliacha njiani. Geoffrey Kirui wa Kenya, aliyeshinda mwaka 2017, alijitenga mbele ya wenziwe wote hata ikaonekana kwamba hana mpinzani. Karibu na mwisho miguu yake ikawa mizito, na Yuki Kawauchi wa Japani akampita. Kawauchi alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 58. Kirui akafika wa pili, dakika mbili na zaidi nyuma yake.

Huyo Kawauchi alikuwa nani? Alikuwa karani wa serikali katika shule moja ya Jimbo la Saitama, ambaye alifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni ya meza na kalamu, nakiri kwamba habari hiyo ilinipendeza zaidi ya kiasi. Wala hakuwa peke yake. Kwa upande wa wanawake alishinda Desiree Linden wa Marekani, na wa pili wake alikuwa Sarah Sellers, muuguzi wa kutia wagonjwa dawa ya usingizi, ambaye hiyo ilikuwa marathoni yake ya pili tu maishani. Edna Kiplagat, bingwa wetu wa mwaka 2017, alikuwa wa tisa.

Nasema haya si kwa kuwatweza wakimbiaji wetu, maana kufika wa pili katika tufani ile si jambo dogo. Nataka tuulize sababu. Mwili wa mtu akimbiaye hutoa joto jingi, na nguo kavu hulihifadhi. Nguo ikilowa na upepo ukavuma, joto huondoka upesi kuliko mwili uwezavyo kulirudisha. Vidole hufa ganzi, misuli hukaza, na hata akili ya kupima mwendo hupungua. Mtu mwembamba hupoa mapema zaidi, na wakimbiaji hodari aghalabu ni wembamba. Lakini Kawauchi alikuwa amekwisha kutana na hali kama ile. Tarehe 1 Januari mwaka ule ule wa 2018 alikimbia marathoni katika mji mdogo wa Marshfield, usio mbali na Boston, baridi ikiwa imeshuka digrii 17 chini ya kiwango cha maji kuganda. Alimaliza kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 59, naye ndiye peke yake aliyemaliza.

Theluji hamwezi kuipata hapa, wala haihitajiwi. Ila nimeona vijana wengi ambao mvua ikianza hukimbilia chini ya paa, na upepo ukivuma hugeuka ili uwasukume mgongoni. Mvua ya kawaida na upepo wa ziwani ni walimu wasiodai karo. Tokeni mkimbie ndani yake, mkijua kwamba mwendo utapungua, wala msiitazame saa. Radi ni jambo jingine kabisa. Pande hizi za ziwa zina radi nyingi kuliko nchi nyingi za dunia, nayo haizoeleki. Ikilia, ingieni ndani.

Sasa maji ya kuvuka. Mnajua wenyewe kwamba mashindano mengi ya bara huanza asubuhi mapema. Hivyo kijana wa kisiwani hushawishika kuvuka usiku ili apate kuwahi. Huko ndiko kwenye hatari kubwa. Wakati wa usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na pepo hutoka pande zote za nchi kwenda kukutana juu ya ziwa. Zikikutana hupanda juu na kufanya mawingu ya tufani, ambayo huanguka kati ya usiku wa manane na alfajiri. Chombo kilichojaa kupita kiasi, tena kisicho na maboya ya kuvaa, hakifai kuwamo ndani yake saa hiyo, hata kama zawadi ni ng'ombe kumi. Vukeni siku moja kabla, mchana, mlale kwa jamaa Mbita au Homa Bay. Sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, kisha waulizeni wavuvi wa omena, ambao hukesha majini na taa zao na kuliona wingu kabla yetu sote. Wakisema msiende, bakini.

Watayarishaji wa mashindano nao wana sehemu yao. Si haki kuweka saa ya kuanza kana kwamba kila mtu amelala kando ya barabara ya lami. Kibanda cha kulala na uji wa moto havigharimu sana. Ikiwa hali ni mbaya, na waahirishe. New York, ambako watu zaidi ya 40,000 walitazamiwa kukimbia tarehe 4 Novemba 2012, mbio zilifutwa siku mbili tu kabla, kwa sababu ya tufani iliyoitwa Sandy, na wengi walikuwa wamekwisha wasili kutoka nchi za mbali. Walinung'unika, ndiyo, lakini mwaka 2013 mbio zilifanyika tena.

Mwalimu mmoja ameniuliza avae nini mkimbiaji asiye na fedha za kununua koti la mvua. Ng'ambo hujifunika mfuko wa takataka wakingojea kuanza. Kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku mwaka 2017, basi shati kuukuu la sufu litafaa, alivue dakika ya mwisho na kumpa mwenziwe. Nguo kavu za pili azitie ndani ya debe lenye kifuniko, kwa maana katika motaboti mkoba wa kitambaa hufika umelowa kama mwenyewe.