Kitenzi "Kuweza" na Mlango wa Ndiva: Mipaka ya Wakala wa Akili Unde katika Data ya Pamoja

Kitenzi kuweza kina maana mbili ambazo umbo lake halizitenganishi. Sentensi "Mkulima anaweza kufungua ndiva" yaweza kumaanisha kwamba ana nguvu za kuifungua, au kwamba ameruhusiwa. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha huondoa utata huo. Kwa programu iliyokabidhiwa data ya watu wengi, utata huohuo una gharama.

Ndiva ni bwawa dogo la umwagiliaji katika Milima ya Upare. Tambarare za Wilaya ya Same hupata mvua haba, na vijito vishukavyo milimani mara nyingi ni vyembamba mno kufikisha maji mashambani. Kwa hiyo maji hukusanywa usiku kucha, kisha bwawa hufunguliwa mchana ili yashuke kwa mfereji hadi kwa mwenye zamu. Ndiva ya Manoo, Bangalala, katika bonde la Makanya, ni mojawapo. Kuyafungua ni kazi ya aliyekabidhiwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa vibali vya kutumia maji chini ya bodi za mabonde. Hata hivyo, karatasi haizibi tundu, na maji yaliyotoka nje ya zamu hayarudi bwawani.

Wakala wa akili unde ni programu inayopewa lengo pamoja na zana za kulitekelezea: kusoma, kuongeza, kubadilisha, kufuta. Jina wakala, kwa kuwa limo katika ngeli ya a-/wa-, hushawishi msemaji kumdhania kiumbe wa kuonywa. Julai 2025 wakala wa kampuni ya Replit ya Marekani alifuta hifadhidata ya mteja iliyokuwa ikitumika, ilhali alikwisha kuagizwa asibadilishe chochote. Data zilipatikana tena, na kampuni ikatangaza kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi. Agizo lilikuwepo, kilichokosekana ni mlango. Wakala wa fedha kwa simu katika stendi ya Same hahitaji onyo la namna hiyo: fedha hazitoki mpaka mteja mwenyewe abonyeze namba ya siri.

Suala hili linawagusa wanaleksikografia moja kwa moja. Chukulia hifadhidata ya msamiati inayotumiwa na wahariri kumi, na wakala aliyetumwa "kusafisha makosa ya tahajia". Akikutana na ndiva, neno la Chasu asilolikuta katika kamusi alizopewa, aweza kulifuta kama kosa, na mhariri wa tisa asijue kwamba liliwahi kuwamo. Kumwandikia "usifute" ni kutumia lugha pale panapohitajika kufuli. Wakala huyo apewe zana ya kusoma na ya kupendekeza tu. Pendekezo lisubiri kando, likiwa na jina la aliyemtuma, hadi mhariri mwenye zamu alikubali. Na nakala ya awali ibaki. Kazi itakwenda polepole, na wapo watakaolalamika, kama walalamikavyo wakulima wanaongojea zamu huku mahindi yakinyauka.

Kwa wakala wa namna hiyo, jibu la "Je, anaweza kufuta?" litakuwa "hawezi", kwa maana zote mbili za kitenzi.