Superman wa Makabwela

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu ameniomba niseme jambo jepesi baada ya ripoti ya Mweka Hazina, nami nimechagua vitabu vya picha. Mnavikumbuka. Vilipita kitanda hadi kitanda kwa zamu, na zamu ya Superman ilikuwa ndefu kuliko hata ya Spear. Sasa nimestaafu, na mpwa wangu aliye ng'ambo ameniletea matoleo ya kale yaliyochapwa upya. Nimeyasoma kwa mfululizo tangu la kwanza kabisa, Action Comics namba 1 la Juni 1938, na ninalotaka kuwaambieni ni hili: Superman tuliyemsoma sisi siye yule aliyezaliwa. Yule wa kwanza alikuwa mtu wa makabwela.

Nguvu zake zilikuwa na mpaka. Hakupaa angani; aliruka kama panzi, mita 200 hivi kwa mruko mmoja, na kombora kubwa lingeweza kumjeruhi. Waliomtunga walimfananisha na chungu abebaye mzigo unaoushinda mwili wake mara nyingi. Kupaa kulikuja baadaye, katika miaka ya 1940.

Lakini tazameni kazi zake. Katika toleo la kwanza anavunja mlango wa gavana usiku ili kumwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila kosa. Kisha anamtia adabu mume anayempiga mkewe, na mwisho anamfuata seneta wa Washington anayekula njama na mtu wa kupenyeza mambo Bungeni. Haya yote katika kurasa 13! Katika toleo la pili anamkamata tajiri wa silaha na kumlazimisha ajiandikishe kuwa askari katika vita vile vile alivyovichochea. Tajiri akionja mizinga yake mwenyewe anaapa kuacha biashara hiyo. Halafu Superman anawaleta majenerali wawili wa pande zinazopigana, anawaambia wapigane wao kwa ngumi. Wanaulizana kwa nini wapigane, na hakuna anayejua.

La tatu, la Agosti 1938, ndilo nililolirudia mara nyingi. Mgodi wa makaa umeporomoka, mchimbaji mmoja ameumia vibaya, na mwenye mgodi anasema mtu yule alijitakia kwa uzembe wake. Superman anavaa nguo za mchimbaji. Usiku tajiri ana karamu. Wageni wanaona itakuwa mchezo mzuri kwenda kutazama mgodi, wakashuka na nguo zao za sherehe. Superman anaangusha dari nyuma yao. Tajiri anakimbilia kengele ya hatari, kumbe haifanyi kazi, maana hakuwahi kuitengeneza. Basi wanashika sururu. Mabibi na mabwana wanachimba mpaka nguvu zinawaishia, na hapo ndipo tajiri anajua mgodi wake ni mahali pa namna gani. Hakuna mtu kutoka nyota nyingine hapa, ndugu zangu, wala hakuna mashine ya ajabu. Ni kengele mbovu tu.

Mei 1939 anavunja kiwanda cha magari kwa sababu mwenyewe anatumia chuma hafifu ili azidishe faida, na anamburura meya mpaka chumba cha maiti akaone waliouawa barabarani. Miezi michache kabla ya hapo alibomoa mtaa mzima wa vibanda ili serikali ilazimike kujenga nyumba bora. Hapo nina neno naye. Katika kitabu nyumba zinajengwa. Mimi nimeona mitaa iliyobomolewa ambayo haikujengwa.

Waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walizaliwa wote mwaka 1914, wakakutana shuleni Cleveland, wakakua wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka. Hasira ile waliijua nyumbani.

Kwa nini basi sisi hatukumwona mtu huyo? Mauzo yalipopanda, wachapishaji waliingiwa na tahadhari. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni, na mojawapo ilikataza kuonyesha polisi, mahakimu na maofisa wa serikali kwa namna ya kuwavunjia heshima. Seneta na meya wakapona. Superman akabaki na wezi wa benki, na mbwa mwenye joho, na Lois Lane akitafuta daima siri ya Clark Kent. Curt Swan aliyachora mambo hayo vizuri mno, na tulicheka; lakini mchimbaji alikuwa ametoweka.

Toleo moja la baadaye nalipenda, lile kubwa la 1978 ambamo Superman anapigana na Muhammad Ali chini ya jua jekundu, ambako hana nguvu zake. Ali anamtwanga barabara, na Superman anakataa kuanguka mpaka mwisho. Mpwa wangu hakuamini mpaka nilipomwonyesha ukurasa.

Sasa la fedha, maana Mweka Hazina ananitazama. Mwaka 1938 Siegel na Shuster walimuuza Superman kwa dola 130, yaani dola 10 kwa ukurasa, pamoja na haki zote. Walishtaki mwaka 1947. Wakaishia kwenye mapatano, wakapoteza kazi, na majina yao yakaondolewa vitabuni. Kufikia 1975, filamu kubwa ikitayarishwa, Siegel alikuwa karani wa kupiga chapa Los Angeles, na Shuster alikuwa karibu kipofu. Siegel akaandika kwa magazeti kueleza hali yao, wachoraji wenzao wakawaunga mkono, na Desemba mwaka huo kampuni ikakubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao. Shuster alifariki 1992, Siegel 1996. Hundi ile ya 1938, ambayo ndani yake zilikuwamo zile dola 130, iliuzwa kwa mnada mwaka 2012 kwa dola 160,000.

Vitabu nimeviweka mezani pale kwenye chai. Namba 3 anayo Katibu, atawapeni akimaliza.