ELIMU KWA WATOTO WANAOFANYA KAZI: MFANO WA MASESE

(Hotuba ya walimu, Siku ya Mtoto wa Afrika)



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi hii. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walipigwa risasi kwa kudai elimu iliyo bora. Tangu mwaka 1991 Afrika nzima huwakumbuka siku hii. Nasi tunataka kuwasemea watoto ambao hawapo hapa kwa sababu wako kazini.

Tuchukue mfano wa Masese, hapa hapa Uganda, kando ya mji wa Jinja. Pale kuna mwalo wa Ziwa Victoria na makazi ya watu wenye kipato kidogo. Wengi walitoka Karamoja wakikimbia njaa na wizi wa ng'ombe. Hawakuvuka mpaka kama sisi, lakini nao waliacha kwao. Watoto wao wameonekana wakianika dagaa, wakibeba maji, wakiokota vyuma chakavu na kuwasaidia mama zao kupika pombe. Mbale nako, watoto waliotoka Karamoja wameonekana mitaani wakitafuta riziki.

Januari 1997 serikali ya Uganda ilifuta ada ya shule za msingi, kwa kuanzia watoto wanne wa kila familia. Kwa mwaka mmoja wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo sare, madaftari na chakula cha mchana vilibaki mzigo wa mzazi. Tena mtoto aliyekuwa akileta fedha ya unga akienda shule, unga haununuliwi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tusimlaumu mzazi huyo kabla ya kujiuliza nani atajaza sufuria yake.

Masese yenyewe ina funzo. Mwaka 1989 wanawake wa pale, wakisaidiwa na serikali pamoja na Denmark, walianza mradi wa kujijengea nyumba. Walifundishwa kutengeneza vifaa vya ujenzi na wakashiriki kujenga. Funzo tunalolichukua ni hili: mtu mzima akipata ujuzi na kipato, mtoto hupumzishwa mzigo.

Ndugu zangu, hapa kambini daftari la mahudhurio linatuambia mengi. Wakati wa palizi na mavuno, watoto wengi hukosekana. Wamekwenda kufanya lejaleja katika mashamba ya watu. Wanaoumia zaidi ni yatima na wale wanaolea wadogo zao.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati mambo matatu. Kwanza, kila mtaa uandike majina ya watoto wasiokuja shule, na kazi wanayofanya. Pili, tuanzishe nyumba ya jamii kwa watoto wasio na mtu mzima, yenye mama mlezi kutoka miongoni mwetu. Tatu, nyumba hiyo ipewe bustani, kuku na cherehani, ili msaada ukikatika watoto wasirudi kwenye lejaleja.

Lakini tuwe waangalifu. Kazi ya kuilisha nyumba hiyo ni ya watu wazima. Mtoto kumwagilia mchicha baada ya masomo ni malezi mema. Mtoto kuacha somo ili alime, hata kama ni shamba la nyumba yake, ni kibarua. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaruhusu kazi nyepesi kwa vijana pale tu isipodhuru afya wala masomo yao. Tusije tukamtoa mtoto katika shamba la jirani, tukamwingiza katika shamba letu.

Walimu tuko tayari kufundisha jioni wale waliochelewa. Jembe, mbegu na siku moja ya kazi kwa juma, tunawaomba ninyi wazazi.